Wakisema "Jamii", Shika Mfuko Wako

Hapa Johannesburg ukisema "sisi", mwanamke aliye karibu nawe anageuka, maana kwa Kizulu neno hilo ni dada. Basi tunaosema Kiswahili mjini hapa, Watanzania wa Hillbrow, Wakongo wa Yeoville na Rosettenville, Wakenya waliotawanyika kufuata kazi, tukianza kulalamika kwa sauti moja kwamba sisi tumechoka, sisi hatusikilizwi, mama anayekaanga magwinya pembeni anaitikia. Hajakosea sana. Na yeye amechoka.

Magwinya ni maandazi ya huku, na mama huyo biashara yake haidorori, kwa sababu tangu saa kumi na moja alfajiri tuko nje ya geti la kliniki. Jina la kliniki tuliache. Zote zina geti, zote zina mlinzi, na zote zina ukuta ambao foleni huuegemea mpaka rangi imebanduka usawa wa mabega. Mwezi wa Juni baridi ya mji huu inaingia kwenye mifupa na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa. Mmoja anakuja na blanketi, mwingine na ndoo ya kukalia, mwingine na chupa ya chai anayoigawa kwa kifuniko kimoja kwa watu sita.

Anayeshika daftari la foleni ni gogo mmoja anayefuata dawa zake za presha. Kwetu gogo ni mti ulioanguka. Kwao ni bibi. Foleni nzima imemwegemea. Hakuna aliyemteua. Anaandika majina kwa utaratibu wa kufika, na ya kwetu anayaandika anavyoyasikia, kiasi kwamba jina refu la mama mmoja wa Mombasa limebaki na herufi nne. Ole wake atakayeruka zamu. Mwenye mtoto mchanga anasogezwa mbele, mwenye kikohozi kibaya anakalishwa upande upepo unakoelekea ili asiachwe peke yake na pia asituambukize wote. Hapo unaweza kucheka, lakini jaribu wewe kupanga watu tisini gizani bila ugomvi.

Geti linafunguliwa saa moja na nusu. Kuanzia dakika hiyo huduma ni ya serikali. Saa mbili na nusu za kabla yake, utaratibu, ulinzi, chai na blanketi vimetoka kwa watu ambao hawamo kwenye bajeti yoyote. Ukiuliza ustawi wa jamii wa nchi hii umekalia nini, umekalia ndoo ile.

Siku hizi tunaitwa kwenye warsha. Kuna ukumbi, kuna biskuti, kuna chupa ndogo za maji, na kuna mtu mwenye sauti ya upole anayetueleza kwamba sera zijengwe juu ya matunzo ya jamii na juu ya haki inayoponya. Kwamba mtu aliyeumizwa na historia haponi kwa kidonge peke yake, anapona akiwa na watu wake. Tunatikisa vichwa. Nani atabisha? Wazee wetu walisema mtu ni watu, na Wazulu wanasema vivyo hivyo kwa maneno yanayofanana na yetu kiasi cha kuwatia aibu wanaotuita wageni. Serikali yenyewe iliandika neno ubuntu katika waraka wake wa sera ya ustawi wa jamii mwaka 1997, Mandela akiwa bado rais. Wazo hatuligombi. Tunagomba bili: inaletwa kwa nani?

Dada mmoja wa Bukavu, aliyekuwa amekaa nyuma na biskuti mbili kwenye kitambaa kwa ajili ya watoto, alimwinamia mwenzake akanong'ona, "Jamii njo nani? Njo miye na mugongo yangu hii." Dada huyo analea watoto wanne wasio wake, kwa sababu mama zao wanatoka saa kumi alfajiri kwenda kufanya usafi kwenye majumba ya Sandton. Wakipata wanamlipa, wasipopata anakula nao huohuo ugali. Jioni anapeleka uji kwa mzee wa orofa ya juu aliyepooza mguu. Mtoa mada alipomaliza aliuliza jamii inaweza kuchangia nini zaidi. Zaidi!

Mtu akidhani tunatia chumvi, akumbuke Esidimeni. Neno hilo maana yake ni mahali penye hadhi ya mtu. Kwa miaka mingi serikali ya mkoa wa Gauteng iliilipa kampuni ya Life Esidimeni kuwatunza wagonjwa wa akili waliohitaji uangalizi wa usiku na mchana. Oktoba 2015 aliyekuwa waziri wa afya wa mkoa, Qedani Mahlangu, akatangaza kuvunja mkataba. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilivaa nguo safi. Ya kwanza, kubana matumizi. Ya pili, kuwatoa wagonjwa kwenye taasisi ili watunzwe ndani ya jamii, kama sheria ya afya ya akili ya mwaka 2002 inavyohimiza. Lile neno letu la ukumbini, likiwa limevaa suti.

Huko walikotoka, mgonjwa mmoja alikuwa anagharimu randi 320 kwa siku. Mashirika ya kijamii waliyopelekwa yalipangiwa randi 112. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeishangaa: je, ugonjwa umepungua theluthi mbili njiani, ndani ya gari?

Zaidi ya wagonjwa 1,700 walihamishwa, wengi wao ndani ya miezi michache ya mwaka 2016. Wengine walipakiwa kwenye pikapu za wazi. Mafaili yalipotea, dawa hazikufuatana na wenyewe, familia hazikuambiwa. Watu walizunguka nyumba hadi nyumba, mtaa hadi mtaa, wakiuliza kama kaka yao yumo, kama mama yao yumo, na wengine walimpata ndugu yao mochwari. Profesa Malegapuru Makgoba, aliyepewa kazi ya kuchunguza malalamiko ya afya nchini, alitoa ripoti Februari 2017 na kuandika kwamba mashirika yote 27 yalikuwa na leseni zisizo halali. Waliokufa walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi, kwa kifafa kisicho na dawa. Hesabu ilipokamilika ilikuwa 144. Machi 2018 Jaji Dikgang Moseneke, aliyesikiliza shauri la familia, alisema wengine 1,418 walipitishwa kwenye mateso wakanusurika, na 44 hawajulikani waliko, akaamuru kila familia iliyokuwa mbele yake ilipwe randi milioni 1.2. Julai 2024 Jaji Mmonoa Teffo akaamua kwamba Mahlangu na mkuu wa afya ya akili wa mkoa, Makgabo Manamela, walisababisha vifo tisa miongoni mwa vile.

Tunairudia habari hii kwenye kila foleni, wenyeji na wageni, na kila mtu ana kipande chake. Kinachotuuma zaidi hakiandikwi sana. Baadhi ya wale waliopokea wagonjwa walikuwa akina mama wa mtaani, wenye nyumba ya vyumba vitatu na nia njema. Wengine walikuwa na tamaa pia, tusisafishane. Waliambiwa fedha zinakuja. Baadhi walikaa miezi bila kuona senti, huku chumbani kuna watu wazima wasioweza kusema wanaumwa wapi. Wagonjwa wa kuhudumiwa na wauguzi wa zamu waliachiwa sufuria moja na mama mmoja, na maiti zilipoanza kutoka ikasemwa kwamba jamii haina uwezo. Tangu hapo wengi wetu tukisikia kiongozi anasema jamii itawatunza, mkono unakwenda wenyewe mfukoni kuangalia kama pochi bado ipo.

Maana bili hiyo ya matunzo hatujaanza leo kuilipa. Akifa mtu wetu hapa, kusafirisha mwili hadi Kigoma au Bukavu ni makumi ya maelfu ya randi, na hayo ni kabla ya sanda, kabla ya pilau, kabla ya nauli ya atakayefuatana na jeneza. Ndiyo sababu kila mtu ana daftari lake. Watanzania wana mchezo na kikoba, Wakenya wana chama, Wakongo wana likelemba, na majirani zetu wa Soweto wana stokvel na chama cha kuzikana wanachokiita society. Kila lugha na jina lake, kazi ileile: kumfanyia mtu kile ambacho hakuna ofisi itakayomfanyia. Hata aliyekuwa mlevi na mgomvi anachangiwa. Hasa huyo, maana hana akiba.

Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso liliungua, namba 80 Mtaa wa Albert, katikati ya mji. Walikufa watu 76, wenyeji na watu wa nchi nyingine, Malawi na Tanzania zikiwemo. Jengo lilikuwa mali ya halmashauri ya jiji. Zamani za ubaguzi lilikuwa ofisi ya pasi, pale mtu mweusi alipopanga foleni ili aruhusiwe kuwepo mjini. Baadaye likawa makazi ya wanawake na watoto waliokimbia vipigo, na kliniki ilikuwemo. Kisha mwenye jengo akaliacha, na watu wasio na pa kwenda wakaingia, wakagawa kumbi kwa mbao na mabati. Tume ya Jaji Sisi Khampepe ilikaa, ikaandika. (Ndiyo, jaji mwenyewe anaitwa Sisi. Tulipolisikia jina hilo redioni kwa mara ya kwanza, tulidhani tumetajwa.) Ripoti yake ya kwanza, mwaka 2024, ililaumu jiji na kampuni yake ya majengo. Sisi wa daftari hatukusubiri tume. Usiku uleule kulikuwa na watu barabarani na mablanketi, na wiki zilizofuata simu zetu zilijaa ujumbe wa kutafuta ndugu, wa kuchangia, wa kuuliza nani anamjua nani nyumbani kwao.

Lakini mjini hapa swali la nani ni jamii lina majibu yanayobadilika kufuatana na anayesimama getini. Tangu mwaka 2021 kuna kundi linaloitwa Operation Dudula, lililoanzia Soweto. Dudula ni kusukumia mbali. Mwaka 2025 walikuwa wakisimama kwenye milango ya kliniki na hospitali wakidai vitambulisho, asiyekuwa nacho arudi. Wajawazito walirudishwa. Wagonjwa wa sukari walirudishwa. Wenyeji pia walirudishwa, waliosahau kitambulisho nyumbani au wenye ngozi nyeusi kuliko Mwafrika Kusini anavyodhaniwa kuwa. Gogo wetu aliulizwa chake akiwa na miaka sabini na kitu. Alimjibu kijana yule kwamba pasi aliibeba enzi za serikali ya makaburu, na hatabeba nyingine. Kijana akatazama viatu vyake.

Mashirika kadhaa, likiwemo Kopanang Africa Against Xenophobia, yalikwenda mahakamani, na tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikalizuia kundi hilo kudai karatasi za watu na kuwafungia huduma. Katiba ilikuwa imekwisha kusema tangu mwaka 1996, kifungu cha 27, kwamba kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya. Imeandikwa kila mtu, haikuandikwa kila raia. Aprili 2023 mahakama hiyohiyo ya mkoa ilishasema wajawazito na watoto chini ya miaka sita wapokewe bure, wenye karatasi na wasio nazo. Hukumu tunazo nzuri za kutundika ukutani. Tatizo ni kwamba hukumu haiamki saa kumi na moja alfajiri.

Wapo miongoni mwetu wanaosema, tena kwa sauti, kwamba wenyeji wana haki ya kukasirika. Dawa zinaisha, vitanda havitoshi, na mtu aliyepigania nchi yake hapaswi kulala sakafuni. Hilo hatulikatai. Tunachouliza ni fedha zimekwenda wapi. Agosti 23, 2021, Babita Deokaran, mhasibu wa idara ya afya ya Gauteng, alipigwa risasi nje ya nyumba yake, hapa kusini mwa jiji, akitoka kumpeleka mtoto shule. Alikuwa amegundua malipo ya kutiliwa shaka ya randi milioni 850 katika Hospitali ya Tembisa na kuomba yasimamishwe. Septemba 2025 kitengo maalumu cha uchunguzi kikatangaza kwamba zilizochotwa kwenye hospitali hiyo moja zinapita randi bilioni 2. Bilioni mbili! Mjamzito wa Lubumbashi angekunywa panado kwa miaka mingapi kuimaliza hiyo? Na tukinunua sabuni tunakatwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 15, hakuna anayeuliza kitambulisho hapo.

Mzee mmoja wa Tanga, aliyefika hapa miaka ya tisini kwa meli ambayo hapendi kuieleza, huwa anamalizia mjadala huu kwa kusema, kama hatutakiwi, turudi. Wakongo wanamtazama. Kurudi wapi, Mzee? Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Anakaa kimya, kisha anawapa sigara.

Kuna jambo la kupona ambalo hata kulilalamikia ni shida. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili: mtu hupona ugonjwa, na mtu hupona ajali. Johannesburg tumepona kwa maana ya pili. Tumepona mapanga ya Mei 2008, wageni waliposhambuliwa na watu 62 wakauawa nchini, tumepona njia, tumepona vita ya nyumbani. Kwa maana ya kwanza bado. Mwanamke aliyefanyiwa unyama Kivu akifika mbele ya daktari hapa, hana lugha ya kumweleza. Kizulu hajui, Kiingereza ni cha sokoni. Basi anakuja na mtoto wake wa miaka kumi na moja atafsiri. Tumewaona, wengi wetu tumekuwa na watoto hao. Daktari anauliza maumivu yalianza lini. Mtoto anauliza. Mama anamtazama mtoto, anasema, "Mwambie ni tumbo tu." Mtoto anasema ni tumbo. Wanaandikiwa dawa ya tumbo.

Tunachoomba ni mkalimani mmoja wa Kiswahili na Kifaransa, analipwa, anakaa kliniki siku tatu kwa wiki. Hatuombi mbingu. Watu wa kusikiliza wapo mjini: kituo cha utafiti wa ukatili na maridhiano, CSVR, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina kliniki ya waliopitia mateso, na wakimbizi wengi wamekaa kwenye viti vyake wakasema kwa mara ya kwanza jambo walilolibeba miaka kumi. Lakini huduma za namna hiyo hutegemea wafadhili, na mfadhili ni kama mvua ya huku, inanyesha kwa kishindo na kukoma ghafla. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipofunga bomba la misaada, kuna kliniki mjini hapa zilibandika karatasi mlangoni wiki ileile.

Na tujiseme wenyewe kidogo, maana kunung'unikia wengine tu ni utoto. Akichanganyikiwa kijana wetu, wa kwanza kumkimbia ni sisi. Tunasema ana pepo, tunampeleka kwenye mkesha wa maombi siku tatu hajala. Au tunasema amelogwa na shangazi wa upande wa baba. Vijana wa kutoka Dar wanaovuta nyaope, dawa ya kulevya ya huku, chini ya madaraja tunawajua kwa majina na tunavuka barabara tusikutane nao. Kuna dada alijaribu kuwafungulia jiko la mchana, sisi wenyewe tukamsema kwamba anatuaibisha. Akifa mmoja wao tutachangia jeneza zuri kabisa. Kuchangia maiti tunajua.

Wenyeji nao wana vidonda vyao, na tumejifunza kuviangalia. Ukipanda Constitution Hill, pale juu ya Hillbrow, utakuta Mahakama ya Katiba iliyojengwa penye gereza la zamani walimofungwa Gandhi na Mandela, kwa matofali ya jengo la mahabusu. Watalii wanapiga picha. Mwishoni mwa mwaka 2023, nje ya mahakama hiyo walianza kulala wazee, wengi wao wanawake, wa kampeni ya Khulumani Galela. Hawa ni watu walioteswa au kufiwa chini ya ubaguzi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipendekeza wahanga walipwe kila mwaka kwa miaka sita, na jamii zao zipewe huduma za kuwaponya. Mwaka 2003 serikali ikaamua kutoa randi 30,000 mara moja, kwa wale tu ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha ya tume. Ambao hawakusikia tangazo kwa wakati, au walikuwa wanaogopa kusema, wameachwa nje mpaka leo, huku mfuko maalumu wa fidia ukiwa na zaidi ya randi bilioni moja benki.

Bibi wa miaka sabini kwenye sakafu ya saruji, Julai, mbele ya mlango wa mahakama inayosifiwa dunia nzima. Baadhi yetu tunafanya ulinzi wa usiku kwenye majengo ya jirani. Tuliwapelekea maji ya moto. Mmoja alituuliza tunatoka wapi. Tukamwambia Tanzania. Akasema kaka yake alikwenda huko, kambi ya wapigania uhuru Morogoro, mwaka 1979, hakurudi, na je, tulimwona? Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Tulisema tutauliza.

Kwa hiyo haki inayoponya tunaielewa vizuri kuliko inavyodhaniwa ukumbini. Na tumewahi kuona bili ikipelekwa kwa anayestahili. Wale akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba, wahudumu wa afya ya jamii, walianza kama watu wa kujitolea wakati UKIMWI unamaliza mitaa. Waliwaogesha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Walilipwa posho, tena ikichelewa. Mwaka 2018 makubaliano ya kitaifa yaliiweka angalau randi 3,500 kwa mwezi. Waliandamana, wakagoma, wakachekwa kwamba wanataka mshahara kwa kazi ya huruma. Mwaka 2020, corona ikiwa imewatisha wakubwa, Gauteng ikakubali kuwaajiri moja kwa moja, zaidi ya 8,000. Anayepita kwetu sasa ana kitambulisho shingoni na payslip. Bado ni yuleyule, bado anagonga na kuingia kabla hujaitikia, na huruma yake haikupungua hata kijiko kwa sababu amelipwa.

Ndipo tukasema, basi na gogo wa daftari alipwe. Na dada wa Bukavu apewe unga, maziwa na kitu cha mwezi kwa wale watoto wanne. Mkenya mmoja, ambaye hupinga kila kitu kwanza halafu ndipo anasikiliza, akasema mkianza kumlipa gogo, kesho kutakuwa na mkurugenzi wa magogo, naibu wake, na gari. Tukacheka mpaka mlinzi akatoka kuangalia. Gogo aliuliza tunachekea nini, akatafsiriwa. Akafikiri. Akasema gari hapana, ila kiti chenye mgongo angekubali.

Leo jioni kuna kikao Bertrams, kwenye fleti ya orofa ya nne isiyo na lifti. Amefariki kinyozi mmoja. Kifua, wiki tatu za kwenda na kurudi, mara ya mwisho aliambiwa aje Jumatatu. Mwili unakwenda Uvira ikiwezekana, isipowezekana atazikwa hapahapa. Wameitika watu ishirini na sita. Yule mzee wa Tanga, ambaye hana undugu wala kabila na marehemu, ameandika randi 300 wa kwanza kabisa, halafu akaanza kulalamika kwamba tunachangishwa sana. Mama wa magwinya amekuja na ndoo nzima, hakutaka kuandikwa. Daftari limezunguka, limefika kwa dada wa Bukavu. Kalamu imegoma. Anaitikisa, anaipulizia pumzi, anaikwaruza pembeni ya ukurasa, na watu wanapapasa mifuko kutafuta nyingine.